Matofali ya Ukuta wa Firmin

Baba yangu, Firmin, alitaka ukuta. Mtaa wetu wote wa Kikula sasa unajenga kuta, na yeye, fundi wa mashine kiwandani huko chini Panda, hakuona kwa nini kiwanja chake kizungukwe na mihogo. Alikwisha kuchagua rangi ya lango na mahali pa kuandika jina lake. Matofali yalisubiri nyuma ya nyumba, na ole wake aliyeyakalia.

Mvua za siku hizi hazina adabu: zinachelewa, kisha zinamwagika zote kwa mkupuo. Mwaka jana zilikula njia ya kushukia Panda, ikabaki korongo. Njia nyingine hakuna. Nyumba mpya zimeziba vichochoro vyote. Asubuhi wafanyakazi walisimama ukingoni na baiskeli zao, wakiangaliana.

Mama yangu, Alphonsine, aliwaona. Aling'oa mihogo yake, akafungua njia katikati ya kiwanja chetu hadi barabara ya chini. Watu walipita wakishukuru, ila matope yakameza magurudumu. Mama akatazama nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mama, Papa atakasirika." Akanipa tofali la kwanza nibebe.

Jioni Baba alirudi akisukuma baiskeli, akakuta ukuta wake umelala chini, watu wanaukanyaga.

"Mama Josée!" Josée ni mimi, binti yao. "Ile matofali yangu iko wapi?"

"Iko chini ya magurudumu ya kinga yako, Papa Josée. Batu bapite fasi gani?"

Baba alifura. Nilijua siku hiyo nyumba haitalalika. Lakini nyuma yake baiskeli zilikuwa zimepanga foleni, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema, "Aksanti, Papa, kwa njia." Wote wakaitikia. Baba akakosa pa kuiweka hasira. Akagusa tofali moja kwa kiatu, likacheza.

"Hii umeiweka mubaya," akasema. Akapiga magoti na suruali yake ya kazi, akaanza kulipanga upya.

Mvua za mwaka huu zimekuja na matofali hayajasogea. Ukuta hatuna. Wapitao hushuka baiskeli mbele ya mlango wetu kusalimia, na mimi najivuna waziwazi, sijifichi. Juzi mgeni alipiga simu akiuliza nyumba ya Firmin. Baba, aliyetaka jina lake langoni, alimjibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Uliza njia ya Mama Alphonsine. Kila muntu anaiyua."