Mwenzetu wa Salamabila aliyekuwa kimya kwenye mikutano ya video

Wakuu, salaam nyingi kutoka Kasongo, Maniema. Leo rezo ya simu imetulia, nimeona niwaletee hili. Sijaongeza chumvi. Mhusika mwenyewe nilimwomba ruhusa, akasema andika, ila badilisha majina.

Mimi ni mwanamke, nafanya kazi kwenye kampuni inayouza taa na betri za sola. Ofisi iko hapa Kasongo, depo ziko Nyangwe, Kabambare na Salamabila kule kwenye machimbo ya dhahabu.

Kazi yangu ni kufundisha wauzaji. Kwa barabara zetu hizi (asiyezijua amshukuru Mungu), mafunzo yote ni kwa simu. Natuma vokali, yaani ujumbe wa sauti, kwenye group, na Jumatatu tuna mkutano wa video, live.

Depo ya Salamabila iko mikononi mwa Papa Amuri, mtu mzima, mpole, wateja wanampenda.

Sasa huyu baba alianza kutuchanganya.

Nikituma vokali, jioni anajibu "bien reçu", yaani nimepokea, na kazi anaifanya sawasawa. Lakini kwenye mkutano kamera amezima, kimya. Siku moja shefu, mkubwa wetu wa kazi, akamuuliza, "Papa Amuri, betri zimebaki ngapi?"

Akajibu, "Ndiyo shefu, siye wote tuko wazima."

Watu walicheka sana.

Halafu zikaja betri za aina mpya. Namna ya kuunga waya ilibadilika, na tulieleza kwenye mkutano tu. Papa Amuri akaendelea kuunga kwa njia ya zamani. Betri zikaungua, wachimbaji wakazirudisha kwa hasira.

Shefu akaniambia, "Huyu mzee kazi imemushinda. Nenda umuangalie. Ukiona ni uzembe, tunatafuta mutu mwengine."

Nikapanda moto, pikipiki zetu hizi. Nikalala Kabambare, kesho yake mchana nikaingia Salamabila na vumbi mpaka kwenye kope.

Papa Amuri alikuwa amenipa mgongo, anapanga taa. Nikasalimia. Hakugeuka. Nikasalimia tena kwa nguvu. Wapi. Alipogeuka na kuniona akashtuka, halafu akatabasamu, akanipa maji ninawe uso nyuma ya nyumba.

Niliporudi, nilisimama mlangoni.

Mke wake, Mama Mwavita, alikuwa amefika na sahani ya wali na sombe, majani ya muhogo. Sahani ameiweka pembeni, simu ya mume iko sikioni mwake. Anasikiliza vokali yangu ya mwisho, niliyotuma njiani kuhusu betri mpya, haraka haraka, kabla mgeni hajarudi.

Kisha akakaa uso kwa uso na mume wake, akaanza kumweleza kwa Kibangubangu, lugha yao ya nyumbani. Polepole, mikono inaonyesha waya huu huku, ule kule. Mume anamwangalia mdomo na kuitikia kwa kichwa.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa.

Mama Mwavita akaniona. Akaiweka simu chini.

"Mwanangu, usimuambie shefu," akasema. "Aliugua sana, akapona, lakini masikio hayakurudi. Mutu akisema mbele yake polepole, anaelewa. Kwa simu hakuna kitu. Vokali nasikilizaka mie, namuelezea. Mikutano yenu ndiyo inatushinda, kila mutu anasema mbio."

Papa Amuri hakusikia, ila alijua tunaongea nini. Akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Binti yangu, niliogopa mutanitosha kazi, munifukuze."

Nikamwandikia kwenye simu yangu: "Papa, kusoma unasoma?"

Akacheka kidogo. "Kusoma najua vizuri. Mwalimu wetu alikuwa mukali."

Tukakubaliana tumpigie shefu tukiwa wote watatu. Nikaeleza yote. Shefu akasema taratibu, "Kumbe siku ile tulimucheka bure. Mupe pole. Kazi ni yake. Sasa tutamufundisha namna gani?"

Ndiyo maana siku hizi natengeneza video fupi: mikono inaonyesha kazi, maneno yako chini kwa Kiswahili chetu. Kwenye mkutano mmoja wetu anaandika kila kinachosemwa. Hata wa Nyangwe wamefurahi, maana sauti ikikatika maandishi yanabaki.

Mkutano wa kwanza wa namna hiyo, Papa Amuri aliwasha kamera. Akaeleza betri mpya kwa ile sauti yake kubwa, mpaka wengine wakapunguza sauti ya simu. Hakuna aliyecheka. Mama Mwavita alikuwa kando yake, anachambua mchele, hana ishara ya kufanya.

Baadaye nilimuuliza Mama Mwavita kama sasa amepumzika.

"Nimepumuzika, mwanangu. Lakini akikula bado namuelezaka habari za soko mupaka ashibe. Ile haimo mu video zenu."

Nilichojifunza: mtu akinyamaza mtandaoni, usimwite mzembe kabla hujaona anavyoishi.

Na nyinyi, kazini kwenu mnawafikiaje wenzenu wasiosikia au wasioona vizuri? Andikeni hapa chini. Papa Amuri nitampelekea majibu yenu, atayasoma mwenyewe.