Mama Aliyekataa Lifti

Siku Saado Warsame alipoketi chini katikati ya ngoma, hakuketi kwa kupenda. Ilikuwa harusi ya binti wa binamu yake, mtaani Waberi, mjini Garissa. Wanawake walikuwa wamefanya duara, Amran, mpiga ngoma wa mtaa, yuko kazini, na mshairi amefika penye sifa za ukoo wa bibi harusi. Huo ndio mchezo wa wanawake uitwao buraanbur: mmoja anaghani, wengine wanapiga makofi, na mmoja anaingia katikati kulicheza shairi kwa miguu yake. Katika ujana wake hakuna aliyemfikia Saado. Alikuwa akikanyaga ardhi mpaka vumbi linaomba radhi. Basi ukoo ulipotajwa damu ikamchemka, akasahau umri, akasahau magoti, akasahau kwamba kwa miaka mingi safari yake ndefu imekuwa kutoka kwenye bajaji hadi kwenye mto anaoukalia dukani. Akaruka. Akaruka tena. Mara ya tatu magoti yakagoma, na Saado akashuka taratibu kama kibanda kilichong'olewa nguzo.

Wanawake wanne walimwinua. Hata hilo lingepita, maana zamani aibu ya harusi ilitupwa kesho yake pamoja na majivu ya jikoni. Siku hizi hakuna kinachotupwa. Msichana mmoja alikuwa ameinua simu, na kabla ya adhana ya isha video ilikuwa imefika Nairobi, imefika Elwak, imefika hadi Amerika kwa wapwa ambao hawajawahi kukamua hata mbuzi. Wote wakacheka. Mmoja akajibu kwa kutuma picha ya ngamia aliyepiga magoti akikataa mzigo.

"Hooyo, usijali," alisema Hani, bintiye, akimwita mama kwa Kisomali kama walivyozoea. "Watasahau."

"Harusi yako ni lini?"

"Si mwakani, baada ya Idi?"

"Mwakani nitaingia kwenye duara lako nicheze shairi zima, la mama wa bibi harusi, mwanzo hadi mwisho. Nikishindwa kulicheza, afadhali nibaki nyumbani nichunge sufuria."

Hani akacheka. Saado hakucheka.

Hakuzaliwa na mwili ule. Alizaliwa kwenye kambi ya wafugaji upande wa Bura, na utoto wake wote ulikuwa wa mwendo. Mvua ikionekana mbali, mama yake alikunja nyumba, mikeka na miti, akampakia ngamia, akamshika kamba na kutangulia, watoto nyuma. Hakuna aliyeitwa mvivu kwa sababu hapakuwa na nafasi ya uvivu. Walikunywa maziwa mpaka matumbo yakalia, na bado mtu alikuwa na kiuno. Kisha ukame ukamaliza mifugo, watu wakahamia mjini, maji yakaanza kuja kwa lori na maziwa kwa chupa ya plastiki. Saado akaolewa na Korane, akafungua duka la vitambaa, akaketi. Alipoanza kunenepa mji mzima ulisema mashallah. Unene ulikuwa cheti cha mume mwema. Hakuna aliyemwambia kwamba cheti hicho hulipiwa na magoti.

Muuguzi wa zahanati, mgeni kutoka bara, ndiye aliyemwambia, tena kwa upole.

"Mama, unakula nini kwa siku?"

"Mimi? Kidogo tu. Chai."

"Vikombe vingapi?"

"Inategemea wageni."

"Na wageni ni wangapi?"

Saado akatazama dirishani. Dukani kwake kila mteja alikuwa mgeni, na kila mgeni aliletewa chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Ukimnywesha mgeni peke yake ni kama kumtilia sumu. Lazima unywe naye. Muuguzi akafanya hesabu kimyakimya, akashika kichwa.

"Tuanze na sukari, Mama. Halafu utembee kila siku."

Akaanza. Kuacha sukari kulimpa maumivu ya kichwa wiki nzima, kisha yakamwachia. Miezi michache baadaye uso ulikuwa umetokeza mashavu yake ya zamani, na baibui lililokuwa likimbana likaanza kupepea. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Kwa watu wa kwao, ng'ombe hakondi bila sababu, na mtu pia. Kukonda ni ukame, ni ugonjwa, au ni mume. Wateja wakaanza kumshika mkono kwa huruma na kumsomea dua. Jirani akaleta supu. Ijumaa moja Korane alirudi kutoka msikitini uso umemvimba.

"Saado, kula!"

"Nimekula."

"Kula mbele ya watu! Wazee wameniweka kitako leo baada ya swala. Wananiuliza kama nimefunga jiko. Mmoja ananong'ona kwamba naoa mke wa pili ndiyo maana wewe umenyauka. Mke wa pili! Mimi ambaye huyu wa kwanza simuwezi!"

"Waambie nafanya mazoezi."

"Nikiwaambia mke wangu anajitesa kwa hiari watasema nimekutia wazimu."

Kutembea nako kulimshinda, lakini si kwa uvivu wake. Mji ule umekwisha kuacha adabu nyingi: vijana hawashuki kitandani mtu mzima akiingia, watoto hawajui majina ya babu zao, na salamu imekuwa kidole gumba kwenye simu. Adabu moja tu imesalia nzima, kwamba huwezi kumpita mtu mzima anayekwenda kwa miguu. Hiyo moja ndiyo iliyomkaba Saado. Akitoka tu nje ya lango, bajaji ya kwanza ilisimama.

"Eddo! Panda!"

Alikuwa Abdisalam, mtoto wa kaka yake, na eddo ni shangazi.

"Siendi popote, mwanangu. Natembea tu."

"Unatembea unakwenda wapi?"

"Nakwenda, halafu narudi."

Abdisalam akamtazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Akashuka, akamshika kiwiko, akampandisha. "Eddo, watu wataniona nimekupita. Nitaoa kwa nani tena mji huu?" Na akamrudisha nyumbani, bila malipo, akamkabidhi kwa Hani kama mtoto aliyepotea sokoni. Kesho yake alisimama mwingine. Kesho kutwa, gari la ofisi fulani, ndani yake jamaa wa Korane. Siku moja alifika hadi msikitini kwa kujificha kwenye vichochoro, akajiona shujaa, kumbe mwendo wenyewe ni wa kurusha jiwe.

Uzito ukasimama palepale. Kila alipopanda mizani ya zahanati ilimwonyesha namba ileile, kama saa mbovu. Akaanza kuchukia Jumatatu za mizani, na baada ya muda akaacha kwenda.

Kama hayo hayatoshi, Kaltun akawasili. Huyu ni dada yake mkubwa, anayeishi Elwak, mwembamba kama fimbo ya kuchungia na mwenye sauti ya kuvusha mto. Alikuwa amesikia kwamba mdogo wake anayeyuka. Alipanda basi, akalala njiani, akashuka Garissa na galoni la samli na debe la nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kufunikwa kwa mafuta. Aliposhika mkono wa Saado machozi yakamtoka.

"Abaayo, dada yangu, wamekumaliza! Leta sahani."

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waliosema hivyo hawakuwa na dada Elwak. Kaltun alishika jiko. Asubuhi anjera, ile mikate laini ya maji, na samli, mchana wali na nyirinyiri, jioni chai aliyoitia sukari mwenyewe, akimsimamia Saado kichwani mpaka kikombe kiwe kikavu. Na Saado alikula. Mwanzoni alikula kwa heshima, kisha kwa utamu, kisha kwa kukata tamaa, ambako ndiko kula kubaya kuliko kote. Baibui lilianza kubana tena. Usiku Hani akizungumza habari za harusi, mama yake alijibu kwa "Inshallah" fupi iliyokauka.

Asubuhi moja Kaltun alimwagia anjera samli hadi ikaelea. Saado akaisukuma sahani.

"Sitaki."

"Hutaki?" Kaltun akashika kiuno. "Samli ya ng'ombe wangu hutaki? Nimeibeba mapajani kutoka Elwak kama mtoto mchanga! Barabara ile ilivyo! Umekuwa mtu wa mjini, mambo ya kwetu unayaona yananuka."

"Kaltun, uliiona ile video?"

Mikono ya Kaltun ikashuka kutoka kiunoni.

"Nani hajaiona," Kaltun akasema polepole.

"Ulicheka?"

"Wallahi nililia. Kwa kucheka, mwanzoni." Akaketi. "Halafu kwa kulia."

Ndipo Saado akamweleza yote: duara la Hani, magoti, sukari, bajaji, mizani. Kaltun alisikiliza mdomo wazi. Saado alipofika pale pa kujificha kwenye vichochoro ili atembee, Kaltun alianza kutikisika mabega, na mwisho wakashikana dada wawili wakicheka mpaka Korane akatoka chumbani kuuliza nani amekufa.

"Mjinga wewe," Kaltun alisema akifuta macho kwa shashi, kitambaa chake cha kichwani. "Unajikondesha bila kunitaarifu, mimi nakunenepesha! Tungefika wapi?" Kisha akawaza. "Lakini hata wewe una kosa. Nani alikufundisha kutembea mikono mitupu? Mama yetu ulimwona lini akienda bila kitu cha kukifuata? Mtu anayekwenda bure ni mgonjwa au mwizi. Lazima wakusimamishie gari."

"Nifanye nini sasa?"

"Umewahi kuona mtu akimpa mchungaji lifti?"

Siku ileile walikwenda soko la mifugo, Kaltun akapekua meno na kwato akimtukana kila dalali aliyemkaribia, wakarudi na mbuzi wanne wenye masikio mafupi na tabia mbaya. Kesho yake alfajiri Saado aliwatoa, akashika fimbo, akaelekea nje ya mji kwenye vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba yenye maganda matamu. Bajaji ikaja nyuma yake, ikapunguza mwendo.

"Eddo! Pan—" Abdisalam akawaona mbuzi.

"Wapakie basi, mwanangu, twende sote."

Abdisalam akageuka kutazama viti vyake vyekundu ambavyo bado alikuwa hajavivua nailoni. Mbuzi mmoja alikuwa amekwisha kukanyaga kibao cha kupandia.

"Allah akusahilishie, Eddo," akasema, akaondoka mbio.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemsimamisha. Walimpungia mkono kwa heshima, na wazee waliokuwa wakimwonea huruma wakaanza kumwuliza habari za malisho. Kukonda kwake nako kukapata maelezo: "Anachunga," watu walisema, na neno hilo likafunga midomo yote. Hata Korane alipumua msikitini.

Usidhani njia ikawa nyepesi. Kulikuwa na asubuhi ambazo magoti yalilia na kitanda kikamvuta kama mchanga wa mto. Zamani, siku kama hizo, angejiambia kesho. Lakini mbuzi hana kesho. Kukicha hulia, na asipofunguliwa hupiga lango kwa pembe, na majirani huamka na kutukana. Saado hakuhitaji moyo wa chuma wala maneno ya kujipa hima. Alihitaji tu kuona haya mbele ya mbuzi wake. Alitoka akinuna, na akifika penye mathenge kununa kumemwisha. Huko alianza kuimba polepole, beti za mama yake ambazo hakujua kama bado anazo. Mbuzi wakitafuna maganda, yeye anakanyaga. Hakuna simu iliyokuwa pale.

Ramadhani ikaja, uzito ukapanda kidogo kwa sambusa za futari, akaukubali, akaendelea. Chai ya wateja aliipatia dawa: alishika kikombe, akakigusa mdomoni, akazungumza sana. Kaltun, aliyekuwa amekataa kurudi Elwak kabla ya harusi, alikuwa mlinzi wake, na akimwona anakodolea haluwa alimkoholea kama ng'ombe. Siku Saado aliporudi zahanati, muuguzi alitazama mizani, akatazama karatasi, akamtazama Saado akishuka bila kushika ukuta, akasahau kusema namba. Naye Saado hakuiuliza.

Harusi ilifanyika baada ya Idi. Walileta spika kubwa kama makabati, kama ilivyo sasa, na kwa muda mrefu sauti za mashine zilizima sauti za watu. Kisha umeme ukakatika, alhamdulillahi, na katika kile kimya Amran akavuta ngoma yake kutoka chini ya kiti. Mshairi akasimama. Akaanza na ukoo wa Korane, akaja ukoo wa Warsame, akafika penye mama wa bibi harusi.

Simu zikapanda juu. Wengine walikuwa wanatabasamu kabla ya wakati. Saado alikuwa bado mama mnene; hakuna aliyemwona na kusema mwembamba. Akavua viatu, akavuta shashi begani, akaingia.

Hakuruka. Alianza chini, kisigino na kidole, kisigino na kidole, kama mtu anayemtangulia ngamia asiyetaka kushtushwa. Ubeti wa kwanza ukaisha, amesimama. Ubeti wa pili mabega yakaingia, makofi yakapanda, na wasichana wenye simu wakaanza kuzishusha ili wapige makofi nao. Ubeti wa tatu aliruka. Akatua kwa miguu yote miwili, akaruka tena, na Hani alikuwa analia na rangi ya macho inamchuruzika hadi kidevuni. Shairi la mama likafika mwisho. Mshairi akameza mate, akaanza kutafuta beti za upande wa bwana harusi, na mama wa kijana, amevaa dhahabu tupu, akasogea ukingoni kungoja zamu yake.

Saado alikuwa bado anazunguka. Kaltun akanyoosha mkono, akamkamata pindo la shashi.

"Abaayo, toka! Wakwe wanangoja!"

"Waambie wakae," Saado alijibu, pumzi anayo, mguu hewani. "Ndiyo kwanza nimepata joto."