Bakuli la Cheche

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hata mdomo wake ulitoa cheche. Siku aliyofika karakana na bakuli la maharage, mboga za majani na chungwa, nyundo zote zilinyamaza.

Pale watu walikula sinia moja. Kila mchana mmoja alikuwa na zamu ya kuleta chipsi, soseji na soda, wakalizunguka kama ndugu. Aliyejitenga alidaiwa maelezo.

"Vipi, shemeji kagoma kupika mpaka unakula majani?" aliuliza Rangi, fundi wao wa kupaka rangi.

"Vidonda vya tumbo," Cheche akajibu haraka.

Ukweli aliuacha kliniki. Baada ya miaka minne ya ndoa bila mtoto, yeye na mkewe walikuwa wamekwenda kupimwa. Mke hakuwa na tatizo. Mbegu za Cheche zilikuwa chache, na nyingi katika hizo goigoi. Daktari, mama mcheshi, alimsikiliza akitaja chipsi, soda na sigara, akatikisa kichwa.

"Baba, mwili wako ndio kiwanda, na wewe unauletea malighafi ya hovyo. Kula mboga, matunda, samaki, karanga, maharage. Sigara achana nazo. Mtoto siwezi kukuahidi, ila mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa. Anza leo, halafu tupime tena."

Mke alipika kwa moyo wote. Kilichoharibu mambo ni upendo wa karakana. Kesho yake baada ya ule uongo wa vidonda, mzee wa karakana alimnyang'anya chungwa. "Lina uchachu, mwanangu, litakutoboa." Maharage yakaishia kwa Rangi, eti yanajaza gesi. Mgonjwa akasogezewa mkate mweupe na chipsi laini zisizokwaruza. Wiki nzima Rangi alinawiri kwa chakula cha uzazi cha mwenzake.

Ijumaa, Rangi akiwa na bakuli mapajani, alisema kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, vidonda huletwa na mawazo, na yako tunayajua. Mke hazai. Mama yako alipita hapa akalia. Tafuta mwingine. Mimi nimeshabadilisha mara mbili, na mtoto bado natafuta."

Cheche akamkumbuka mkewe, aliyekuwa akichambua mboga alfajiri huku mtaa mzima ukimwita mgumba, naye kimya ili mume asiaibike. Heshima gani ya kiume hiyo, inayobebwa mgongoni na mwanamke? Akavua miwani yake ya kazi.

"Sina vidonda. Mke wangu mzima. Mwenye mbegu chache ni mimi, na dawa yangu unairamba vidoleni sasa hivi."

Rangi alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Mama yako anajua?" mzee wa karakana akauliza.

"Atajua leo. Nikitoka hapa naanzia kwake."

"Basi mimi kwa wiki hii moja ya maharage yako nimebakiza kuzaa mapacha tu," Rangi akasema, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Lakini jioni, Cheche akiwa anafunga mtungi wa gesi, Rangi alimsogelea. Hakuwa na mzaha usoni.

"Wale wake zangu wawili niliowaacha," alisema taratibu, "mmoja sasa ana watoto watatu kwa mume mwingine. Hiyo kliniki hufunguliwa saa ngapi?"

"Jumatatu saa mbili. Nitakupeleka," Cheche akasema. "Ila uje na maharage yako."