Mashine Aliyoichagua Misheck Ndambiri

Mwezi wa pili mwaka wa 1954, lori la serikali lilishusha masanduku mawili ya mbao mbele ya karakana ya redio mjini Embu, na mafundi wawili wakaambiwa wachague.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya boma. Redio zote za polisi na za posti za homgadi, wanamgambo wa serikali waliopigana na waasi wa msituni, zilizoharibika zililetwa hapo, nyingine zikiwa na matundu ya risasi. Fundi mmoja alikuwa Misheck Ndambiri, mtu wa Kyeni, mwembamba, mwenye mke aitwaye Wambeti na binti mmoja, Wanjira. Mwenzake alikuwa Mwirigi, Mmeru wa Imenti. Wote wawili walijifunza redio jeshini, huko Burma, na walikuwa wamekula sahani moja tangu siku hizo.

Mkubwa wao, Inspekta Pritchett, mzungu mrefu asiye na maneno mengi, aliyafungua masanduku kwa nyundo.

"Moja inabaki hapa na Ndambiri," alisema. "Nyingine inakwenda Meru na Mwirigi, tunafungua karakana huko. Elewaneni wenyewe. Mna siku tatu."

Zilikuwa osiloskopu. Burma waliziona mikononi mwa wazungu tu. Ni mashine inayochora umeme: unagusisha waya wake kwenye redio, na nukta ya mwanga wa kijani inakimbia kwenye kioo ikiacha mstari. Fundi anaangalia ule mstari na kuona ugonjwa wa redio kwa macho, badala ya kubahatisha kwa kubadilisha valvu, zile taa ndogo za ndani, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa mpya, kubwa, kioo chake kama sahani ya kulia. Ya pili ilikuwa ndogo, imetumika vitani, rangi imechubuka na kioo hakizidi mdomo wa kikombe. Mwirigi aliipenda ile kubwa mara moja.

"Tazama huo mstari, bwana," alisema. "Umenyooka kama umechorwa kwa rula. Mimi macho yangu yamechoka, nataka kioo cha kuonekana."

Ndambiri alitaka kuzipima kwanza. Kwa siku tatu alizijaribu zote mbili kwa redio moja iliyokuwa ikikwaruza. Kwenye kioo kikubwa wimbi lilitokea laini, zuri, kana kwamba redio haina neno. Kwenye kioo kidogo wimbi lilelile lilikuwa na miiba midogo pembeni, na kila spika ilipokwaruza, mwiba ulirukaruka. Alifuata mwiba ule waya kwa waya hadi akaipata solda iliyopasuka.

"Kubwa inaficha," alimwambia Mwirigi. "Haina mbio za kufuata vitu vidogo, kwa hiyo inavilainisha. Hii ndogo inaonyesha uchafu wote. Tena inakubali kubebwa, na ukiwa na kigeuzi cha umeme inafanya kazi kwa betri ya lori."

"Basi chukua takataka yako," Mwirigi akacheka, "na mimi nichukue bibi harusi wangu."

Waliagana hivyo, na Ndambiri akaipenda ile mashine kuliko kitu chochote alichowahi kushika. Pritchett alimruhusu kuitumia kwa mambo yake baada ya kazi. Alikuwa akijitengenezea redio ndani ya mkebe wa biskuti, na jioni alikaa saa nzima akipeleka sauti ya mluzi wake mwenyewe kwenye kioo, aone mluzi una umbo gani.

Mwezi wa tatu alikuja karakana sajini wa homgadi, Njura wa Gachoka, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka. Alileta kisanduku cha ngozi chenye dainamo ndogo ya kuzungusha kwa mkono, kama ile inayopigia kengele simu za jeshi. Nyaya mbili ndefu zilitoka ndani yake.

"Hii simu inapiga kidogo," Njura alisema. "Tunaitaka ipige sana."

Ndambiri aliiunganisha na osiloskopu, akazungusha mkono wa dainamo, akaona vilima vifupi vya umeme kwenye kioo. Burashi, vile vipande vya kaboni vinavyopokea umeme ndani ya dainamo, zilikuwa zimelika. Alizibadilisha, akasafisha, akazungusha tena, na vilima vikapanda hadi vikatoka nje ya kioo. Alifurahi. Aliona nyaya zile hazina simu mwishoni, zina klipu tu. Aliona, akanyamaza. Njura akashukuru na kuondoka.

Mwezi wa nne Ndambiri alitumwa kwenye posti moja ya juu, karibu na msitu, kutengeneza redio. Alikaa nyuma ya lori na osiloskopu yake ndani ya gunia. Dereva alikuwa Ishmael, kijana aliyekuwa ameoa wiki tatu tu. Kwenye kona walikuta mti umelazwa barabarani. Ishmael alisimamisha lori, na kabla hajashika gia ya kurudi nyuma risasi ilipita kwenye kioo cha lori na kumwingia shingoni. Alianguka juu ya honi. Honi ikalia bila kukoma.

Askari wawili waliokuwa mbele waliruka. Mmoja alikatwa panga mgongoni hatua tatu kutoka mlangoni, akaendelea kutambaa, akakatwa tena. Mwingine alikimbilia kwenye majani na hakuonekana. Mpiganaji wa msituni mwenye nywele ndefu zilizosokotana alipanda nyuma ya lori akamkuta Ndambiri amekumbatia gunia.

"Nini hicho, kibaraka?"

"Mashine ya kutengeneza redio."

"Ya kuwaitia wazungu ndege watutupie mabomu?"

Ilikuwa kweli. Panga lilishuka. Aliinua bega, likamwingia kati ya bega na shingo, akasikia mfupa ukilia kama kuni. Lilipoinuliwa mara ya pili bunduki zilianza kupiga kutoka upande wa posti, na yule mtu akaruka chini na kupotea. Askari wa posti walipofika walimvuta kwanza Ishmael kutoka kwenye honi. Ukimya ukarudi. Gunia lilikuwa limelowa damu, lakini kioo cha mashine hakikupasuka.

Alilala hospitali wiki tano. Wambeti alikuja mara moja tu, kwa sababu kibali cha kutembea kilikuwa kigumu kupata, na alikuwa na habari mbaya.

"Baba Wanjira, wamemchukua Ngari."

Ngari alikuwa kaka yake Wambeti, mwalimu wa shule ya msingi.

"Wamempeleka wapi?"

"Kambi ya mahojiano, ng'ambo ya mto. Wanasema alikula kiapo cha watu wa msituni. Watu wanaopita pale karibu wanasema wanasikia watu wakilia mpaka sauti inakatika." Alimsogezea shuka begani. "Nyumba yetu pia wameichoma. Tumehamishiwa kijiji kipya. Tunachimba handaki la kukizunguka tangu asubuhi, na asiyechimba anachapwa."

Ndambiri aligeuza uso ukutani.

Aliporudi kazini mwezi wa sita, mkono wake wa kushoto haukupanda juu ya kifua. Siku ya nne Njura alikuja tena na kile kisanduku cha ngozi.

"Simu imechoka tena," alisema. "Imefanya kazi nyingi."

Alikiacha mezani akaenda kunywa chai. Ndambiri alivuta zile nyaya kuzisafisha. Kwenye meno ya klipu moja kulikuwa na nywele fupi nyeusi, na kwenye nyingine ngozi iliyokauka, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ndipo alipotoka nje akaisugua mikono kwa mchanga nyuma ya mapipa ya mafuta.

Alipotulia alirudi mezani. Hakukivunja kisanduku. Alifungua dainamo, akaunganisha ndani yake kipande cha waya mwembamba, mahali ambapo mtu asiyeijua kazi hawezi kuona, ili umeme uzunguke humohumo usitoke nje. Alipouzungusha mkono, mstari kwenye kioo ulibaki chini, bapa, ukitetemeka kidogo tu. Akafunga skrubu zote na kumpa Njura.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, sajini."

Siku mbili baadaye walirudi wawili: Njura, na afisa wa kambi ile ya mahojiano, kijana wa kizungu mwenye uso wa madoadoa mekundu. Pritchett aliitwa kutoka ofisini kwake.

"Fundi wako anasema hii ni nzima," yule kijana alisema kwa Kiswahili kibovu, ili Ndambiri asikie. "Mimi nasema imekufa. Mwambie aonyeshe."

Pritchett alimgeukia Ndambiri. "Washa mashine yako," alisema taratibu.

Ndambiri aliwasha. Walisubiri valvu zipate moto. Aliunganisha nyaya, Njura akazungusha mkono kwa nguvu zake zote, na nukta ya kijani ikachora mstari ulelule bapa. Pritchett alikuwa fundi mzuri. Aliinama akatazama, akachukua bisibisi, akafungua dainamo, na kwa ncha ya bisibisi akaunyanyua ule waya mwembamba mpaka kila mtu akauona.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Bwana, angalia hizo klipu," Ndambiri alisema. "Zina nywele za watu."

Pritchett aliziangalia. Aliweka bisibisi mezani, akaiweka sawa kama zingine zilivyopangwa, akatoka nje na kuufunga mlango nyuma yake.

Njura alimpiga kwanza kwa kisanduku chenyewe, usoni. Ndambiri akaanguka, akainuliwa kwa lile bega bovu, akapiga kelele. Kisha waliuweka mkono wake wa kulia kwenye vaisi, chuma cha kubania kilichofungwa mezani, vidole vitatu pamoja, na yule kijana mwenye madoadoa ndiye aliyezungusha mpini. Alizungusha polepole, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Kila alipouliza, "Nani amekutuma?" Ndambiri alijibu, "Hakuna," na mpini ukaenda robo nyingine. Kidole cha kati kilipopasuka alizimia. Walimmwagia maji wakaanza upya. Alipotolewa nje akiburutwa, Pritchett alikuwa amesimama karibu na mapipa, ameupa mgongo mlango, anavuta sigara.

Hakukuwa na kesi. Alipewa karatasi ya kizuizini na kukaa miaka minne katika kambi za tambarare, akipasua mawe kwa mkono mmoja. Huko aliona watu wawili wakipigwa kwa mipini ya sululu hadi kufa kwa sababu walikataa kubeba ndoo ya kinyesi. Hakuwahi kulieleza jambo hilo zaidi ya sentensi hiyo.

Aliachiliwa mwaka wa 1958. Alimkuta Wambeti katika kijiji cha handaki, amezeeka miaka kumi, na Wanjira amekuwa msichana mrefu asiyemtambua. Jumapili ya pili Ngari alikuja kumsalimu. Alikuwa ametoka kizuizini mapema kuliko yeye. Mguu mmoja haukukunjika, alitembelea fimbo, na alipozungumza alipoteza maneno katikati, akayatafuta, akaendelea.

"Shemeji," Ngari alisema walipoketi, "nimeambiwa ni wewe uliyeiua ile simu yao."

"Ni mimi."

"Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Wakazungusha, wakazungusha, hakuna kitu. Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Ndipo Njura akachukua bomba la chuma akanivunja goti kwa sababu ya kile kicheko." Alitabasamu. "Lakini nilicheka. Asante."

Wambeti alikuwa jikoni, akikoroga uji wa ulezi. Ndambiri angeweza kuipokea ile asante na mambo yakaishia hapo. Alitazama vidole vyake vilivyopinda.

"Mwezi wa nne," aliuliza, "walikutumia ile simu?"

"Wiki nzima. Ilikuwa kali. Ndiyo iliyonipotezea maneno."

"Ni mimi niliyeitengeneza. Mwezi wa tatu. Ilikuwa inapiga kidogo, nikaifanya ipige sana. Niliona haina simu mwishoni, nikanyamaza."

Midomo ya Ngari ilitafuta neno kwa muda mrefu bila kulipata. Kisha aliinuka kwa taabu, akaishika fimbo kwa mikono miwili, akampiga Ndambiri usoni mara moja, kwa nguvu zote za mtu asiye na mguu wa kusimamia. Ndambiri hakukinga. Damu ilimtoka puani ikaingia mdomoni.

Wambeti alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Alimtazama mumewe, akamtazama kaka yake. Alikuwa amesikia yote.

"Utakaa, au utaenda?" alimuuliza Ngari.

Ngari alipumua kama mtu aliyepanda mlima. Mwishowe alirudi kwenye kigoda, akaunyoosha ule mguu mgumu mbele yake.

"Nitakunywa uji," alisema. "Lakini yeye asinisemeshe leo."

Wambeti alileta vibuyu viwili, akampa kila mmoja chake, akaketi katikati yao. Walikunywa kimya, Ndambiri akimeza uji pamoja na damu yake. Jumapili iliyofuata Ngari alirudi, na wakati huo alikuwa na maneno machache ya kumwambia Ndambiri.