Kiuno Changu na Studio ya Barabara ya Bonga

Jamani, watu wa Babati wameshaniona miguu juu kichwa chini mchana kweupe, sasa nifiche nini tena, bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaipata ile ya mtaani iliyotiwa chumvi (eti nilizimia, eti likaitwa gari la wagonjwa, hakuna gari lililoitwa, nilitoka pale kwa miguu yangu).

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko, na kazi yetu mnaijua, ni kuinama kutwa nzima, basi mwaka huu kiuno kikaanza kunigomea na magoti yakaunga mkono mgomo, ikafika mahali kanisani nikipiga magoti sinyanyuki mpaka nishike benchi la mbele, na Jumapili moja nikashika bega la mzee wa watu nikidhani ni benchi. Ningevumilia, lakini mimi na Baba Neema tulikuwa tunakaribia jubilei ya ndoa yetu, na jubilei mnapiga magoti wawili mbele ya altare, hakuna benchi wala bega la mtu, kanisa zima linawatazama na wakwe wameshuka kutoka Mbulu. Nikaapa sitanyanyuliwa siku ile kama gunia la mbaazi.

Daktari akaniambia nifanye mazoezi, ila nitafute sehemu ndogo yenye mwalimu atakayeniangalia mimi, na nimweleze shida yangu kabla sijaanza. Mteja wangu mmoja akanielekeza kwa Anjela kule Bagara, dada aliyegeuza sebule yake kuwa chumba cha mazoezi. Nikaenda kuchungulia. Nikakuta mikeka, viti vya plastiki, na bibi wawili wanakaa, wanasimama, wanakaa, wanasimama, redio pembeni inasoma matangazo ya vifo. Nikajisemea, ah, hapa ni pa wazee, mimi bado kabisa (ndugu zangu, nina wajukuu).

Ndipo nikaichagua ile studio mpya ya barabara ya kwenda Bonga, yenye kioo kikubwa mbele na pazia la zambarau, ndani muziki, mabinti viuno kama nyigu. Kocha wake ni binti anaitwa Lulu, ana adabu zake.

"Shikamoo mama, karibu sana. Lengo lako hasa ni nini?"

Nilitakiwa niseme tu, mwanangu, nataka nikipiga magoti niweze kunyanyuka, basi. Lakini mabinti walikuwa wamesimama pale wanakunywa maji, nikaona aibu, nikajibu, "Nataka kujenga mwili."

"Umeshawahi kufanya mazoezi?"

"Mimi? Nimezoea!"

Lulu akafurahi, akaniambia nije Jumamosi asubuhi, kipindi cha mikanda. Mimi kwa akili zangu za zamani nikadhani ni mikanda ya video, kwamba tutatazama halafu tuige.

Sasa Jumamosi hiyo jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inakwenda kumwona mgonjwa. Nikampigia mwenyekiti wetu, Mama Deo, mama mtu mzima mwenye mikono ya jembe na sauti ya kengele, nikamwambia kiuno kimekaza, leo hata kugeuka kitandani siwezi. "Pole mwanangu," akasema, "tutakuombea." Nikakata simu, nikavaa suruali ya kubana niliyojishonea mwenyewe, rangi ya chungwa, huyoo nikaondoka.

Kumbe mikanda yenyewe imening'inia darini. Unaingiza miguu kwenye vitanzi vyake, mikono inakaa chini sakafuni, mwili unabaki hewani kama daraja. Lulu akaniweka mbele kabisa karibu na pazia, maana wazoefu ndio wanakaa mbele ili wengine waige. Mwanzo nikajikaza, nikajiona na mimi nimo. Halafu akapaza sauti, "Kiuno juu!" na kiuno changu, ambacho nyumbani hakiokoti hata sindano, kikapanda, kikapanda, kikafika juu na kikakataa kushuka. Mguu mmoja ukapenya kwenye kitanzi mpaka gotini, mkanda ukajisokota, mikono ikaanza kutetemeka, nikatafuta kitu cha kushika, nikashika pazia.

Pazia likaja na bomba lake.

Kupitia kioo nikaiona barabara ikiwa imegeuka juu chini, bajaji zimesimama, vijana wa bodaboda wanashuka kwenye pikipiki zao, na katikati yao akina mama wamevaa vitenge vya jumuiya, wameshika rozari na chupa ya uji wa mgonjwa. Nikaomba nife. Sikufa.

"Mama Neema!" Mama Deo akaingia na viatu vyake mpaka ndani. "Mnamfanya nini huyu? Mshusheni! Huyu ana kiuno!"

Akanikumbatia kiunoni akavuta, na kadiri alivyovuta mkanda ukazidi kukaza. Lulu analia, "Mama usimvute, mnyanyue!" Mama mwingine akaanzisha Salamu Maria, muziki haujazimwa, na wale bodaboda nje wanapiga makofi kufuata mdundo. Lulu alipofanikiwa kuufungua mkanda nikamwangukia Mama Deo mzima mzima, tukalala kwenye mkeka ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba hata yeye hawezi kunyanyuka.

Akanitazama tukiwa tumelala vile vile. "Kwa hiyo kiuno kinapanda mpaka darini, ila kwa mgonjwa hakifiki?"

"Nisamehe, mama."

Akakaza uso, halafu tumbo lake likaanza kutikisika, nikajua anacheka, nami nikacheka mpaka machozi. Mabinti wakatunyanyua mmoja mmoja. (Na suruali haikuchanika hata uzi, nawaambia! Wawili kati ya wale mabinti waliniagiza niwashonee kama ile.)

Lulu akaniletea maji, akakaa chini pembeni yangu. "Mama, niambie kweli, ulikuja kutafuta nini?"

Nikasema yote mbele ya watu, magoti, bega la mzee, jubilei.

"Mbona hukuniambia? Mimi nafundisha wanaotaka jasho. Wewe nenda kwa dada Anjela, Bagara. Hata mama yangu mzazi anafanya kule."

Tukaenda kwa mgonjwa wote pamoja, mimi na suruali yangu chini ya kitenge cha kuazima, na Mama Deo aliposimulia, mgonjwa akacheka mpaka akaketi mwenyewe, akaomba uji.

Jumatatu nikawa mlangoni kwa Anjela, na Mama Deo nyuma yangu. Anjela alipouliza lengo langu nilimjibu hata hajamaliza. Tukakaa, tukasimama, tukakaa, tukasimama, wiki baada ya wiki, na siku ya jubilei nilinyanyuka pale altareni bila kushika kitu, kwa furaha nikapiga hatua moja ndipo nikagundua niko peke yangu. Baba Neema bado yuko chini, ananitazama kwa macho ya kuomba msaada. Nikarudi, nikampa mkono, akanyanyuka, na kanisa zima likapiga vigelegele wakidhani ndivyo tulivyopanga.

Kwa hiyo wenzangu, mkitafuta pa kufanyia mazoezi msitazame viuno vya waliomo, tazameni vyenu, na mkiulizwa mnataka nini, semeni. Mimi neno "nimezoea" nimelifuta kabisa mdomoni. Juzi Neema kaniuliza kama naweza kumjaribia pikipiki yake mpya, nikamwambia mwanangu, siwezi, sijawahi, na kama ni lazima nijifunze, tutafute kwanza uwanja usiopita watu.