Mashavu ya Muhindo

Siku moja ya soko bado naikumbuka, mwanangu, na leo imenirudia nilipokuona unapanga mayai kwenye trei.

Dada yangu Masika aliolewa Bwera, nami nilikuwa nikikaa kwake. Alikuwa mnene, nasi tulijivunia unene wake. Mke akinenepa, watu husema mume anajua kutunza. Mwanawe Muhindo naye mashavu yalikuwa yamejaa. "Kama mama yake," kila mtu alisema, na mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Kuku walikuwepo, maharage yalikuwepo, lakini vyote viliuzwa kwa wachuuzi wa Kongo. Haba na haba hujaza kibaba, na dada alitaka mabati. Sisi tulishiba bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na chai yenye sukari ya kukwama kooni.

Siku hiyo Bibi yetu aliteremka kutoka Kyarumba na maharage kichwani. Hata maji hakunywa. Alimtazama Muhindo, ambaye hakuinuka kumlaki, akamshika mguu na kuubonyeza kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo likabaki. Tulingoja lijae. Halikujaa.

"Mutoto hii hajanenepa," Bibi alisema. "Iko na njaa. Hii ni maji."

"Njaa? Bibi, anakula bundu mpaka tumbo inajaa!" dada alisema.

"Tumbo kujaa si kula. Mayai iko wapi?"

Dada aliitazama trei, imeshafungwa kamba tayari kwa soko.

Tulipanda boda hadi hospitali ya Kisinga, mtoto katikati yetu. Barabara iliturusha na hakulia. Nilimwomba Mungu mtoto alie tu. Muuguzi alimpokea mbio, kisha akampima na mama. Presha ya dada ilikuwa juu. Chungu kimoja kilikuwa kimetoa wagonjwa wawili.

Muhindo alipona, leo anabeba mizigo ya wapanda mlima kule Nyakalengija. Dada aliirudia chai yake, na presha ikamwangusha kabla hajayaona hayo. Mpaka leo inaniuma.

Basi sikia, mwanangu. Uza, sikukatazi. Lakini yai la mtoto litoke kwanza, na maharage ya chungu yatengwe kabla ya yale ya gunia. Wewe nawe punguza sukari, ukapime presha. Usiseme mnene haumwi. Mungu aibariki nyumba yako, aliye ndani yake ale kilichotoka shambani mwake.

Na kabla hujaita boda ya kwenda soko, niletee mjukuu wangu hapa. Mvue soksi.