Sahani Niliyoikataa kwa Bana Mwape

Ile siku bado naiona mbele ya macho, mutoto wangu, ingawa nywele zangu zote zimekuwa nyeupe. Keti kidogo. Unafunga mufuko uende kutembelea rafiki yako kule Lubumbashi, na tangu asubuhi unanionyesha kwa telefone picha za restora utakazoingia. Sikukatazi. Mimi mwenyewe nilikuwa mulafi wa restora kuliko wewe, na ulafi ule nusura umuharibie rafiki yangu jina.

Wakati ule nilikuwa musichana wa Kilwa, upande wa Congo. Nilikuwa navuka ziwa na bitenge, nauza kwenye soko la Kashikishi, ng'ambo ya pili, na hapo sokoni nikapata rafiki, Bana Mwape, maana yake Mama Mwape, muke wa muvuvi mumoja wa Nchelenge. Yeye aliuza chisense, wale samaki badogo wa kukausha. Kiswahili chake kilikuwa cha bei tu, na Kibemba changu hivyo hivyo, lakini tulicheka mupaka wateja banatushangaa. "Feza," akaniambia, "siku moja uje ulale kwangu, usirudi na mashua ile ile." Nikamuahidi siku tatu.

Siku nilipofika, njaa ilinishika pale pale bandarini. Kulikuwa na restora moja ya mabati, meza zake zina nailoni ya maua, na mupishi alikuwa anajaza sahani: muchele, kuku wa supu ya nyanya, kabichi pembeni, na Fanta ya baridi. Ee, mutoto wangu, kwetu muchele ulikuwa chakula cha Noeli! Nilikula mupaka nikalegeza kitenge kiunoni. Halafu nikatembea taratibu kwa rafiki yangu, nikakuta amechinja kuku. Kuku wake wa mayai. Aliweka bukari, ule ugali wetu, mbele yangu, akanimwagia maji ya kunawa, na firigisi ilikuwa juu kabisa ya mboga kwa heshima ya mugeni. Nami nikasema nini? "Aksanti, nimeshiba." Akafunika sahani.

Kesho yake nikajidai naenda kuangalia bei ya bitenge. Uongo mutupu. Nilienda kula chipsi. Jioni bukari ilipokuja, nikasema tumbo linaniuma. Nilijiambia pia kwamba namupunguzia Bana Mwape muzigo, juu alikuwa na batoto batano wa kulisha. Mulafi hakosi sababu, hata leo najichekea.

Sikujua kwamba mwezi ule jirani yake alikuwa amezika mutoto, na batu balikuwa banatafuta wa kumutupia kosa la uchawi. Bengine balikuwa bameanza kumuangalia Bana Mwape kwa jicho la pembeni. Sasa bakaona hata rafiki yake wa kutoka Congo hagusi chakula chake. Siku ya tatu, kwenye pompi ya maji, mwanamuke mumoja alisema kwa sauti, kusudi Bana Mwape asikie: "Mugeni wake anajua kitu. Anaogopa sumu." Bana Mwape alirudi nyumbani na ndoo nusu. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa Kashikishi, kwenye muchele wangu.

Niliporudi saa nane, mama mukwe wa Bana Mwape alikuwa ananingoja mulangoni. Tulimuita Banakulu, ndiyo kusema bibi. Siku za ujana aliishi Lubumbashi, mume wake akifanya kazi ya migodi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko changu.

"Feza, umekula wapi?"

"Sijakula, Banakulu."

"Usinichezee. Mudomo wako unanuka kitunguu." Akanieleza maneno ya pompi, yote, bila kupunguza. "Mutu akikataa chakula siku tatu nyumbani kwa mutu, batu banasikia nini? Kwenu ni hivyo hivyo, usijifanye haujui. Kama unamuogopa huyu mutoto wangu, sema sasa, mashua zipo. Kama haumuogopi, toka ukae nje, batu bakuone."

Kilwa niliwahi kuona mama mumoja akifukuzwa muji kwa maneno kama hayo, na nyumba yake ikachomwa.

Mukeka ukatandikwa nje, karibu na njia, banawake bakipita na ndoo zao. Bukari ikaletwa, na samaki. Na mimi tumbo limejaa! Desturi ni mugeni kumega kwanza. Nikanyoosha mukono, lakini wa Bana Mwape ulikuwa umeshafika. Akamega, akachovya, akameza, akaniangalia. Alikuwa ananionyesha mimi, rafiki yake, kwamba chakula hakina kitu. Nililia pale pale mbele ya batu. Halafu nikala, tonge kwa tonge, namuomba Mungu nisitapike, mupaka sahani ikaisha. Yule mwanamuke wa pompi alisimama anaangalia. Banakulu akamuita, akaketi, naye akala. Polepole yale maneno yakapoa.

Nilimuomba Bana Mwape musamaha. "Imeisha, Feza," akasema. Lakini tangu ile siku, kila nikija kwake, anamega kwanza. Leo sote ni bazee, naishi huku huku Nchelenge, namutembelea kila juma. Namuambia, "Wacha, dada, mugeni ni mimi." Anacheka, anameza tonge la kwanza, ndipo anasukuma sahani kwangu. Miaka yote hii, na kila mara inaniuma upya.

Kwa hiyo sikia, mutoto wangu. Ukifika Lubumbashi, nenda moja kwa moja kwa rafiki yako, na njaa yako yote. Hata akupe bukari na sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta, kula, omba kuongezwa. Kama kweli hauwezi, sema ukweli mapema, kabla hajawasha moto. Siku ya pili au ya tatu, kama roho inataka restora, muchukue na yeye, muketi meza moja. Usimuache nyumbani na chungu chake.

Mungu akuvushe salama, akupe njaa nzuri njiani. Na huyo rafiki, akikuwekea sahani, akuache umege kwanza.